Kisukari Hakingoji Kazi Ziishe

Hapa Isevya, Tabora, yupo mzee mmoja fundi cherehani. Jina lake sitalitaja, lakini amenipa ruhusa nieleze habari zake. Aliniambia, "Andika, mwanangu. Labda mwenzangu atapona kwa kusoma yaliyonipata."

Mzee huyu ana daftari. Ndani yake ameandika vipimo vya wateja wake wote: kifua, kiuno, urefu wa mkono na urefu wa suruali. Ukirudi kwake baada ya miaka miwili atafungua daftari na kukuambia kama umenenepa au umekonda. Lakini kwa muda mrefu kipimo kimoja hakikuwemo katika daftari hilo. Ni kipimo cha sukari katika damu yake mwenyewe.

Mzee ana ugonjwa wa kisukari. Ulipogunduliwa, alipewa vidonge na kadi ya kliniki. Miezi ya kwanza alihudhuria vizuri. Kiu ikapungua. Usiku hakuamka tena mara nyingi kwenda kukojoa. Akaona amepona. Kazi nazo zilikuwa nyingi. Kulikuwa na nguo za harusi, nguo za sikukuu na sare za shule. Vidonge vikawa vya leo kumeza, kesho kusahau.

Mwezi wa Desemba alikuja katika zahanati ninayofanyia kazi. Mimi ni mganga msaidizi, bado kijana, na mzee huyu ana umri wa babu yangu. Nilimwamkia, nikampima, nikamwandikia tarehe ya kurudi. Nilimwandikia wiki ya kwanza ya Januari. Akaitazama kadi, akasema, "Mwanangu, Januari ni mwezi wa sare. Watoto wote wa hapa wanataka kaptula na sketi kwangu." Nikamjibu, "Mzee wangu, afya kwanza." Kisha nikamwita mgonjwa mwingine.

Januari hakuja. Februari hakuja. Alikuja Machi, ameshikwa mkono na mjukuu wake, mguu umefungwa kitambaa.

Nilipofungua kitambaa nilisikia harufu kabla sijaona kidonda. Mzee hukanyaga cherehani bila viatu. Sindano ilikuwa imevunjika ikaanguka chini. Kipande chake kilimwingia chini ya kidole gumba cha mguu. Hakusikia kitu. Mjukuu ndiye aliyeona damu kwenye mkeka. Nikabonyeza karibu na kidonda, nikamwuliza, "Inauma, mzee?" Akanijibu, "Haiumi hata kidogo, mwanangu. Ndiyo sababu sikuja mapema."

Ndugu msomaji, maneno hayo ndiyo yaliyonifanya niandike makala haya. Kidonda kikiuma, kinakuita. Kidonda kisichouma ndicho cha kuogopa.

KISUKARI NI NINI?

Chakula tunachokula, kama ugali, wali, mihogo na viazi, hugeuka kuwa sukari ndani ya mwili. Sukari hiyo huingia katika damu. Damu huipeleka kila mahali ili mwili upate nguvu ya kufanya kazi.

Lakini sukari haiwezi kuingia ndani ya mwili wenyewe bila kufunguliwa mlango. Ufunguo wa mlango huo huitwa insulini. Insulini hutengenezwa na kongosho, kiungo kilicho tumboni, nyuma ya tumbo la chakula.

Kwa mgonjwa wa kisukari, ufunguo huo haupo, au hautoshi, au mlango umekuwa mgumu kufunguka. Basi sukari hubaki katika damu na kuzidi. Figo hujaribu kuitoa kwa mkojo. Ndiyo sababu mgonjwa hukojoa mara nyingi na kusikia kiu kikali. Watu wengine huona hata sisimizi wakifuata mkojo wake.

Dalili nyingine ni hizi: kuchoka bila sababu, kukonda huku unakula, macho kuona ukungu, vidonda kuchelewa kupona, kuwashwa sehemu za siri, na ganzi au kuchomwachomwa katika miguu.

Lakini sikiliza vizuri. Watu wengi wenye kisukari hawana dalili yoyote kwa miaka mingi. Hulima, huendesha pikipiki, hupika na kuuza. Wakati huo sukari inaharibu mishipa ya damu na mishipa ya fahamu polepole. Huharibu macho, figo, moyo na miguu. Mishipa ya fahamu ikiharibika, mguu hausikii tena mwiba, moto wala sindano.

ZAMANI NA SASA

Wazee wetu wanakumbuka kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973. Wananchi walikusanyika katika vikundi, wakasikiliza redio, wakasoma vitabu, wakajadili. Kisha wakachimba vyoo na kufyeka majani. Maadui wakubwa wa wakati ule walikuwa malaria, kichocho, kuhara na kifua kikuu. Maadui hao bado tunao. Lakini amekuja mwingine.

Mwaka 1989 madaktari walitangaza matokeo ya kupima watu wazima katika vijiji 6 vya mikoa ya Kilimanjaro, Morogoro na Mara. Kati ya kila watu 100 hakutimia hata mmoja mwenye kisukari. Mwaka 2012 ulifanyika upimaji mwingine nchini, wa watu wa miaka 25 hadi 64. Safari hii walikuwa kama 9 kati ya kila watu 100. Upimaji huo wa pili haukuwa wa umri ule ule wala wa mahali pale pale, kwa hiyo namba hizi hazilingani moja kwa moja. Lakini zinatuonyesha kuwa kisukari si ugonjwa wa matajiri wa mjini peke yao.

Kwa nini kimeongezeka? Tazama historia yetu hapa Tabora. Mji huu ulikuwa kituo kikubwa cha misafara kati ya Bagamoyo na Ujiji. Wapagazi wa Kinyamwezi walitembea majuma mengi na mizigo mabegani. Reli ilifika hapa mwaka 1912, na mizigo ikapanda treni. Leo kutoka Isevya kwenda sokoni mtu huita bodaboda. Huo ni usafiri mzuri, siukatazi. Lakini mwili uliozoea kutembea sasa unakaa. Tena tunakula mafuta mengi na kunywa soda. Chupa moja ya soda ina sukari zaidi ya vijiko 6 vya chai. Miili inanenepa, hasa tumbo.

Watu wengine hurithi ugonjwa huu katika ukoo. Na watu wembamba nao huupata, hata watoto. Kwa hiyo usimcheke mgonjwa ukasema amejitakia kwa kula sukari. Wala usiseme amerogwa.

NANI APIMWE, NA LINI?

Nenda ukapimwe hata kama husikii kitu, ikiwa:

1. Umefika miaka 40 au zaidi.
2. Umenenepa, hasa tumboni.
3. Mzazi, kaka au dada yako ana kisukari.
4. Una shinikizo la damu, yaani presha.
5. Wewe ni mama uliyepata kisukari wakati wa ujauzito, au uliyezaa mtoto wa kilo 4 au zaidi.

Mtu mwenye dalili nilizozitaja asingoje. Aende upesi, awe kijana au mzee. Mtoto anayekonda, kukojoa sana na kunywa maji sana apelekwe siku hiyo hiyo. Akianza kutapika au kuhema kwa nguvu, hapo ni hatari ya kifo.

Kupima ni jambo dogo. Mganga hukuchoma kidole na kuchukua tone moja la damu. Mashine huonyesha namba. Ukipimwa asubuhi kabla ya kula, na namba ikawa 7.0 au zaidi, hiyo ni alama ya kisukari. Ukipimwa saa yoyote ukiwa na dalili, na namba ikawa 11.1 au zaidi, hiyo nayo ni alama ya kisukari. Mtu asiye na dalili hupimwa tena siku nyingine ili tuwe na hakika. Namba hizi ni za kipimo kiitwacho milimoli, ambacho hutumika katika zahanati na hospitali zetu.

KAZI NYINGI, NAFASI HAKUNA

Wagonjwa wengi huniambia hivi: "Nitakuja nikimaliza kuvuna." "Nitakuja soko la tumbaku likifungwa." "Nitakuja nikipata mtu wa kuniachia genge." Naelewa. Mtu asipofanya kazi, watoto watakula nini?

Lakini hesabu vizuri. Asubuhi moja ya kliniki kwa mwezi ni asubuhi moja tu. Mzee fundi alikwepa asubuhi moja ya Januari. Baada ya Machi alilala hospitali siku nyingi. Alikatwa vidole viwili vya mguu. Cherehani ilikaa kimya miezi mitatu. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Basi mwenye kazi nyingi afanye nini?

Kwanza, mwambie mganga kazi yako. Mwambie siku zako za shughuli kubwa na siku zako za nafasi. Kama tarehe uliyopewa haifai, sema hapo hapo, muafikiane tarehe nyingine. Hapa nakiri kosa langu. Mzee aliniambia habari za sare, nami sikumsikiliza. Siku hizi kabla sijaandika tarehe namwuliza kila mgonjwa, "Kazi yako ni kazi gani, na siku gani una nafasi?"

Pili, funga dawa pamoja na jambo usilolisahau. Ukipiga mswaki, meza. Ukiweka chai mezani, meza. Weka dozi nyingine mahali pa kazi, penye kivuli, mbali na watoto. Mlina asali anayeingia porini siku nyingi achukue dawa za siku zote na akiba ya siku chache. Usiache dawa kwa sababu umepata nafuu. Nafuu hiyo imeletwa na dawa.

Tatu, kula kwa saa zinazojulikana. Mama lishe wengi hulisha watu mchana kutwa, nao hula saa kumi jioni. Jitengee sahani yako mapema.

Nne, mwambie mtu mmoja mnayefanya naye kazi kwamba una kisukari. Siku ukizidiwa atajua la kufanya. Mficha maradhi kifo humuumbua.

SUKARI IKISHUKA GHAFLA

Anayetumia insulini au aina fulani za vidonge anaweza kushukiwa na sukari. Hutokea akimeza dawa bila kula, au akifanya kazi nzito kuliko kawaida. Atatetemeka, atatoka jasho, atasikia njaa kali, moyo utaenda mbio. Wengine huzungumza ovyo kama walevi.

Mpe upesi vijiko 4 vya chai vya sukari katika maji, au kijiko kikubwa kimoja cha asali. Ngoja dakika 15. Kama bado, mpe tena. Akipata nafuu ale chakula. Kama amezimia usimtie kitu chochote mdomoni, maana kitampalia. Mlaze ubavu, mpeleke hospitali mara moja. Dereva wa pikipiki akisikia dalili hizi asimame kwanza kando ya barabara.

CHAKULA

Mgonjwa wa kisukari hana haja ya chakula cha peke yake. Ale na familia yake. Gawa sahani yako. Nusu iwe mboga za majani, kama mchicha, matembele, mlenda au majani ya kunde. Robo iwe maharage, kunde, dagaa, samaki au nyama. Robo inayobaki ndiyo ya ugali, wali, mihogo au viazi. Matobolwa nayo ni viazi, yahesabu katika robo hiyo.

Hapa Tabora tuna asali nyingi, na watu husema asali ya porini haina madhara kwa mwenye kisukari. Si kweli. Asali ni sukari. Inafaa sukari inaposhuka, si kwa kunywea chai kila siku. Maembe nayo, wakati wa msimu, kula kipande, usile ndoo. Acha soda. Kunywa maji.

Tena tunalima tumbaku katika mkoa wetu. Lakini mwenye kisukari asiivute. Sigara na kisukari vyote viwili huziba mishipa ya damu, na mguu huoza upesi zaidi. Pombe nayo ni hatari, kwani inaweza kushusha sukari ghafla. Anayetaka kufunga mwezi wa Ramadhani azungumze na mganga wake mapema, kabla mwezi haujaandama.

VIPIMO VYA KUKUMBUKA

Kila siku: tazama miguu yako jioni, juu, chini na katikati ya vidole. Kama huwezi kuinama, mjukuu atazame. Osha, kausha, paka mafuta lakini si katikati ya vidole. Pima joto la maji kwa kiwiko, si kwa mguu. Vaa viatu vinavyofunika vidole, hata ndani ya nyumba na kwenye cherehani. Kung'uta kiatu kabla ya kuvaa. Usikate sugu kwa wembe.

Kila uendapo kliniki: sukari, presha na uzito. Ukikohoa wiki mbili au zaidi, sema. Kifua kikuu humpata mwenye kisukari kwa urahisi zaidi.

Kila mwaka: macho, mkojo na damu kwa ajili ya figo, na miguu kukaguliwa na mganga. Kama zahanati yenu haina vipimo hivyo, omba barua ya kwenda kituo cha afya au hospitali. Kipo pia kipimo cha damu kinachoonyesha wastani wa sukari yako kwa miezi mitatu iliyopita. Kipimo hicho huonyesha hata siku ulizokwepa dawa.

DAFTARI LAKO

Wewe unayesoma gazeti hili umejifunza kusoma na kuandika. Basi kisomo chako kikulinde. Nunua daftari dogo. Kila ukipimwa andika tarehe, sukari, presha na hali ya miguu. Kwa mfano: "Tarehe 3. Sukari asubuhi 8.6. Presha 140 kwa 85. Miguu mizima."

Wagonjwa wengi tunataka namba yao ya asubuhi iwe kati ya 4 na 7. Mganga atakueleza yako, maana mzee sana au mtu mwenye ugonjwa mwingine huwekewa kipimo tofauti. Ukiona namba zinapanda mara tatu mfululizo, usingoje tarehe ya kliniki. Wahenga walisema: mali bila daftari hupotea bila habari. Na afya ni mali.

TUSIKATE TAMAA

Zamani mtoto aliyepata kisukari hakuwa na matumaini. Alikufa baada ya muda mfupi. Mwaka 1921, katika mji wa Toronto nchini Kanada, Frederick Banting na Charles Best walipata njia ya kutoa insulini katika kongosho la mnyama. Januari 1922 kijana wa miaka 14, Leonard Thompson, alichomwa dawa hiyo. Alikuwa karibu kufa. Aliishi miaka 13 zaidi. Leo wapo watu wanaoishi na kisukari hadi uzee, wakilima na kulea wajukuu.

Anayetumia insulini asiye na friji aiweke ndani ya chungu kilichozungukwa na mchanga wenye maji, kivulini, ndani ya mfuko usiopitisha maji. Isiwekwe juani, wala isiachwe igande.

Na mzee wetu fundi? Amerudi kwenye cherehani. Sasa anakanyaga kwa viatu. Tumepatana aje saa moja asubuhi, kabla hajafungua kazi. Na safari ya sare zilipokaribia, alikuja kwangu mwishoni mwa Desemba, akachukua dawa za kumtosha mpaka shule zilipofunguliwa.

Siku moja nilipita kwake kuchukua suruali yangu. Akafungua daftari lake kutafuta kipimo changu. Nikaona ukurasa wa kwanza ameuandika jina lake mwenyewe. Chini yake zilikuwapo tarehe na namba za sukari, mstari baada ya mstari. Nilimwuliza kwa nini ameweka ukurasa wa kwanza. Akasema, "Huyu ndiye mteja niliyemsahau, mwanangu."

MASWALI YA KUJADILI KATIKA KISOMO

1. Kwa nini kidonda kisichouma ni hatari kwa mwenye kisukari?
2. Taja watu wanaopaswa kupimwa hata kama hawana dalili. Je, wewe ni mmoja wao?
3. Katika kijiji chenu, ni miezi gani watu hawana nafasi ya kwenda zahanati? Mnaweza kupatana nini na mganga wenu?
4. Mwenzako wa kazini anatetemeka na kutoka jasho, naye ana kisukari. Utafanya nini?
5. Chukua daftari lako. Andika tarehe utakayokwenda kupimwa.